Mfadhili anataka mstari wa Biblia uandikwe kwenye ukuta wa shule ya serikali. Wamarekani waliamuaje jambo kama hili?

MamaNeema_Mwanga (Kigoma)

Habari zenu wana jukwaa. Naandika kutoka Kigoma mjini, naomba msaada wa wanaojua, hasa wanasheria na ndugu zetu mnaoishi Marekani.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali. Jina la shule naliacha. Ukuta wetu wa mbele, ule unaotazama barabara, umechoka kabisa. Ramani ya Tanzania iliyochorwa miaka ya nyuma imebanduka, Ziwa Tanganyika limebaki nusu na Kigoma yenyewe haionekani tena. Sasa mzazi mmoja mfanyabiashara akajitolea rangi, fundi na posho ya fundi. Tukashukuru sana, maana mfuko wa shule mnaujua ulivyo. Sharti likaja baadaye: kando ya geti, juu ya jina la shule, uandikwe mstari wa Biblia aliouchagua mwenyewe kwa herufi kubwa, na chini yake jina la familia yake. Fundi ameshapiga mistari ya chaki. Ukipita asubuhi unaiona, miwili mirefu ya kupangia herufi, na watoto wanaulizana pataandikwa nini.

Mimi ni Mwanglikana, nimezaliwa Kasulu, na mstari wenyewe naujua kwa moyo tangu Sunday school. Naupenda. Ila mtaa wetu una misikiti na makanisa, na darasa lolote ukiingia utakuta akina Maria na akina Mwajuma dawati moja. Siku ya kikao nilimwangalia mama mmoja wa Kiislamu aliyekaa mbele yangu. Hakusema neno hata moja, akafunga daftari lake tu. Tangu hapo sina raha.

Kikao chenyewe kiligawanyika, na ajabu ni kwamba pande zote mbili zilitumia Marekani kama ushahidi. Mjumbe mmoja akasema hata Marekani Amri Kumi zimebandikwa madarasani, tena kwa sheria. Mwingine akasema Marekani walishamfukuza Mungu shuleni zamani, ndiyo maana watoto wao wameharibika. Mwenyekiti akaahirisha.

Naomba kujua ukweli ni upi. Na kuna jambo linanichanganya: hela yao imeandikwa kwamba wanamtumaini Mungu, marais wao tunawaona kwenye televisheni wanaapa mkono uko juu ya Biblia. Sasa inakuwaje mwalimu wao akatazwe kusalisha watoto?

---

Wakili_Isevya (Tabora)

Mwangaluka Mama Neema. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Tabora, na kesi hizi za Wamarekani nazifuatilia tangu nikiwa chuo. Shule ya serikali niliyosoma, paredi ya asubuhi ilifunguliwa kwa sala ya dini moja, na sisi wa dini nyingine tulikuwa tunasimama tukiangalia chini mpaka iishe. Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Lakini kila asubuhi nilijua shule ile ina wenyewe, na mimi simo. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Wajumbe wako wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanaibana serikali pande mbili kwa wakati mmoja. Isiweke dini ya dola, na isimzuie mtu kufuata dini yake. Ugomvi wote wa misalaba, mawe ya Amri Kumi na mapango ya Noeli kwenye viwanja vya umma umezaliwa hapo. Na ukizisoma hukumu utakuta majaji, hata wanapopingana vikali, wanarudi kwenye swali moja: haya maneno anayasema nani? Akiyasema raia, katiba inamlinda, hata kama jirani anachukia. Ikiyasema serikali, ndipo mipaka inapoanza.

Sasa nikupe kesi inayokaribia sana ya kwenu. Mwaka 1978 jimbo la Kentucky lilitunga sheria kwamba kila darasa la shule ya umma libandikwe Amri Kumi, bango la inchi 16 kwa 20. Fedha ya serikali haikuguswa, nakala zilinunuliwa kwa michango ya hiari ya watu binafsi. Chini kabisa yakawekwa maelezo kwa herufi ndogo, kwamba Amri hizo ni chimbuko la sheria za nchi za Magharibi, ili lionekane ni somo la historia. Wazazi wakaenda mahakamani. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo, majaji watano kwa wanne. Walisema usiue na usiibe ni mambo ya kila sheria, lakini Amri za mwanzo zinaagiza kumwabudu Mungu mmoja na kuitakasa Sabato, na kuagiza ibada si kazi ya serikali. Kuhusu michango walisema waziwazi kwamba haibadilishi kitu, kwa sababu aliyeamuru mabango yabandikwe ni serikali.

Mama, hapo pasome mara mbili. Rangi ya mfadhili ni ya mfadhili mpaka inapogusa ukuta. Ikishakauka juu ya jina la shule, anayesema ni shule.

Hilo neno la kwamba Mungu amefukuzwa shuleni limetoka nyuma kidogo. Mwaka 1962 mahakama hiyo ilizuia sala ya maneno 22 iliyotungwa na wakuu wa elimu wa jimbo la New York isaliwe kila asubuhi. Ilikuwa sala ya jumla, haimtaji Yesu, na mtoto asiyetaka aliruhusiwa kunyamaza au kutoka nje. Bado ikazuiwa. Hoja ilikuwa kwamba serikali haina kazi ya kutunga sala kwa ajili ya watu wake. Mwaka uliofuata ukazuiwa usomaji wa Biblia unaoongozwa na shule. Watu walikasirika sana, na hasira hiyo haijaisha mpaka leo.

Lakini mtoto mwenyewe hakukatazwa kusali. Anaweza kusali kabla ya chakula, anaweza kubeba Kurani au Biblia kwenye begi, na mwaka 1984 bunge lao lilipitisha sheria kwamba shule ya sekondari ya umma ikiruhusu klabu nyingine za wanafunzi kukutana nje ya vipindi, haiwezi kuikatalia klabu ya dini. Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 1990. Tena mwaka 2022, kocha wa shule moja ya umma jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga goti katikati ya uwanja kusali baada ya mechi, alishinda kwa majaji sita kwa watatu. Walio wengi waliona alikuwa anasali kama yeye, si kama shule. Watatu waliopinga walisema kocha mbele ya wachezaji wake habaki kuwa mtu binafsi. Mimi niko na hao watatu, maana kijana anayetaka kupangwa kwenye timu anamtazama kocha anapiga goti wapi.

Nje ya shule mambo yamekorogeka. Pawtucket, jimbo la Rhode Island, mji ulikuwa unaweka pango la Noeli kila Desemba, pamoja na nyumba ya Santa Claus, kulungu na mti wa Krismasi. Mwaka 1984 wakaruhusiwa, watano kwa wanne, kwa hoja kwamba pango lilikuwa sehemu ya shamrashamra za sikukuu. Miaka mitano baadaye, Pittsburgh, chama cha Wakatoliki kilikuwa kimeweka pango peke yake kwenye ngazi kuu ndani ya jengo la mahakama la kaunti, na kibao kikasema nani amelitoa. Likakataliwa, kibao hakikulisaidia. Lakini mtaa wa pili, mbele ya jengo lingine la serikali, kinara cha Hanukkah, sikukuu ya taa ya Wayahudi, chenye urefu wa futi 18 kilichosimama kando ya mti wa Krismasi wa futi 45 kikaachwa.

Tarehe 27 Juni 2005 walitoa hukumu mbili siku moja. Jiwe la Amri Kumi la urefu wa futi sita kwenye viwanja vya bunge la jimbo la Texas likabaki, kwa kuwa lilikaa pale miaka 40 bila kesi, katikati ya minara mingine mingi ya kumbukumbu. Amri Kumi zilizotundikwa kwenye mahakama za kaunti huko Kentucky, tena juzi juzi tu na kwa nia iliyo wazi, zikaondolewa. Zote mbili watano kwa wanne, na jaji aliyehama upande ni mmoja, Stephen Breyer. Mwaka 2019 msalaba wa futi 40 huko Bladensburg, Maryland, uliojengwa kukumbuka askari 49 wa eneo hilo waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ukaachwa kwenye ardhi ya umma kwa majaji saba kwa wawili. Ulikuwa umesimama tangu 1925, na walio wengi waliona kuung'oa sasa kungeonekana ni uadui kwa dini.

Noti ya dola nayo iko kwenye fungu hilo la mambo yaliyozoeleka. Maneno ya kumtumaini Mungu yaliingia kwenye sarafu mwaka 1864, wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, yakawa kaulimbiu rasmi ya taifa mwaka 1956. Mahakama zimeyaacha kama desturi ya nchi, ambayo haimlazimishi mtu kufanya lolote.

Na huyo aliyesema Amri Kumi ziko madarasani kwa sheria, nadhani amesikia habari za Louisiana. Mwaka 2024 jimbo hilo lilitunga sheria inayofanana sana na ile ya Kentucky, na Texas ikafuata mwaka 2025. Wazazi wa dini mbalimbali, wakiwemo wachungaji, walifungua kesi mara moja. Kwa hiyo hajatunga, ila amelisema jambo linalogombaniwa kana kwamba limekubalika.

Kwetu sheria ni fupi zaidi. Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi yetu haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Shule yenu ni mamlaka ya nchi, hata kama ukuta umepakwa na mzazi.

---

Mkulima_Urambo

Wakili nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila sikubaliani. Hayo ni ya Wamarekani na ugomvi wao. Wimbo wetu wa taifa ni sala tangu neno la kwanza. Bunge letu linafunguliwa kwa dua. Mawaziri wanaapa, huyu na Biblia, huyu na Kurani, na hakuna aliyekwenda mahakamani. Tuna Ijumaa Kuu na Krismasi, tuna Idd zote mbili na Maulid, zote sikukuu za kitaifa. Sisi dini hatujaifungia ndani na tunaishi vizuri kuliko wao wanaoburuzana mahakamani kwa sababu ya mti wa Krismasi.

Na semeni ukweli: mfadhili akichukua ndoo zake akaondoka, nani atapaka ukuta? Shule ya hapa kwetu watoto walikaa chini mpaka chama cha msingi cha tumbaku kilipotoa madawati. Kila dawati likaandikwa jina la chama. Hakuna aliyelalamika. Mtu akitoa, mwache aandike neno la baraka. Mstari wa Biblia haujawahi kumdhuru mtoto.

---

Wakili_Isevya (Tabora)

Ndugu yangu wa Urambo, hoja ya sikukuu ni nzuri na naikubali. Tena itazame vizuri: ni Krismasi na Idd, Biblia na Kurani. Kila anayeapa anashika kitabu chake. Hatujawahi kuwaapisha mawaziri wote kwa kitabu kimoja halafu tukawaambia wengine wanyamaze. Vipindi vya dini shuleni ni hivyohivyo, mtoto anakwenda kwa mwalimu wa dini yake. Mstari mmoja kando ya geti wanalopita watoto wote hauko kwenye utaratibu huo.

Na kusema hatujaburuzana mahakamani si kweli. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa na kusimamishwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Kwao kuimba ule wimbo ni ibada wasiyoiamini. Walisimama kwa heshima, hawakuimba, wakaadhibiwa. Mahakama ikasema adhabu ile haikuwa halali. Wamarekani walifika hapohapo mwaka 1943, pia kwa kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova, wao wakiwa wamekataa kupiga saluti kwa bendera. Hilo jambo nalipenda sana, kwamba mahakama mbili zilizo mbali namna hiyo zilimsimamia mtoto mdogo aliyenyamaza mstarini.

Jina la chama kwenye dawati halina shida, linasema nani alitoa mbao. Mfadhili wa Mama Neema naye aandikwe jina, anastahili.

---

Nyarugusu_Louisville

Shikamooni wakubwa. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikasoma humo, na sasa tuko Louisville, jimbo hilohilo la Kentucky analolitaja Wakili. Niwape ya kila siku, maana mahakama tunazisikia tu kwenye habari.

Wanangu wawili wako shule ya umma. Asubuhi wanasimama kutamka kiapo cha bendera, na ndani yake kuna maneno ya taifa lililo chini ya Mungu, yaliyoongezwa mwaka 1954. Asiyetaka hatamki. Mwalimu hasalishi darasa. Desemba wanafunga shule majuma mawili, karatasi ya likizo inasema likizo ya majira ya baridi, lakini kila mtu anajua ni Krismasi. Idd hakuna likizo ya kitaifa, jirani yangu Msomali huandika barua kuwaombea watoto ruhusa, na wanapewa.

Kwa upande mwingine, mwaka 2019 Kentucky ilipitisha sheria kwamba kila shule ya umma iweke mahali pa wazi ile kaulimbiu ya kumtumaini Mungu. Nyingine ziliweka bango kubwa. Shule za Lexington ziliweka picha ya noti ya dola iliyotiwa fremu, wakawa wametimiza sheria.

Mwanangu mkubwa ana klabu ya Biblia, wanakutana baada ya vipindi, mwalimu anakaa mlangoni kama msimamizi tu. Watoto ndio wanaosoma, ndio wanaosali. Mwanzoni nilidhani ni udhaifu wa mwalimu. Nilipokwenda kumchukua siku moja nikamkuta anaongoza sala kwa Kiswahili, amefumba macho, wenzake wa Kimarekani wameinamisha vichwa. Ile sala ilikuwa yake. Hakuna mtu mzima aliyemwagiza.

Kwenye kambi dini zilikuwa nyingi kuliko mabomba ya maji, na shule tulisoma pamoja. Mama Neema, mimi ni mlokole na nasema bila kuficha: usikubali ule mstari. Imani ya mtoto haipandwi na rangi ya ukutani.

---

Ustadh_Ujiji

Asalaam aleykum na habari kwa wote. Nafundisha madrasa hapa Ujiji. Mama Neema, Mungu akulipe kwa kumwona yule mama aliyefunga daftari. Wengi wasingemwona.

Niseme na mimi nilichokifuatilia. Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Hamtramck, jimbo la Michigan. Ulikuwa mji wa Wakatoliki wenye asili ya Poland, wakaja Waislamu kutoka Yemen na Bangladesh. Mwaka 2004 baraza la mji likaruhusu adhana kwa kipaza sauti. Kulikuwa na zogo kubwa mpaka wakapiga kura ya wananchi, na ruhusa ikabaki. Hoja iliyowasaidia Waislamu ni kengele za makanisa, kwa sababu zilikuwa zinasikika mji mzima miaka yote. Mwaka 2023 Minneapolis nayo ikaruhusu adhana zote tano. Adhana inatoka msikitini, kengele inatoka kanisani, halmashauri haiadhini wala haipigi kengele. Huko nakubaliana na Wakili.

Sasa swali langu. Kuna wazee wa hapa, watu wa busara kabisa, wakisikia habari hii watasema suluhisho ni rahisi: mstari wa Biblia kulia mwa geti, aya ya Kurani kushoto, mambo yaishe. Mimi moyoni sitaki, ila sina hoja ya kuwajibu. Wakili unasemaje?

---

Wakili_Isevya (Tabora)

Waaleykum salaam Ustadh. Wazee wako wanatafuta amani na wazo lao lina heshima. Wamarekani wamelijaribu kwa namna nyingi, tazama lilivyowaishia.

Oklahoma waliweka jiwe la Amri Kumi kwenye viwanja vya bunge la jimbo mwaka 2012. Muda si muda watu wengine wakaleta maombi: kama hilo limewekwa, na letu liwekwe. Kikundi kinachojiita cha kishetani kikatengeneza sanamu yake kabisa, kichwa cha mbuzi na mabawa. Mwaka 2014 mtu akaligonga jiwe la Amri Kumi kwa gari likavunjika, wakaweka jingine. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya jimbo ikaamuru liondolewe, kwa sababu katiba ya jimbo hilo inakataza mali ya umma kuisaidia dini.

Boston walikuwa na milingoti mitatu mbele ya ofisi za jiji, na mmoja walikuwa wakiwaachia wananchi wapandishe bendera zao wakati wa shughuli zao. Waliruhusu mara 284 bila kukataa hata moja, kisha wakaikataa bendera ya Kikristo. Mwaka 2022 majaji wote tisa wakasema jiji limebagua: ulifungua uwanja kwa kila mtu bila kuchuja, huwezi kumfungia mmoja kwa sababu ya dini yake.

Na Pleasant Grove, Utah, bustani ya mji ilikuwa na jiwe la Amri Kumi lililotolewa na chama cha kiraia. Dini ndogo iitwayo Summum ikaomba nayo iweke jiwe la mafundisho yake. Mji ukakataa. Mwaka 2009 majaji wote walikubali kwamba mji una haki ya kukataa, kwa kuwa mnara wa kudumu kwenye bustani ya umma ni kauli ya mji wenyewe hata kama ulitolewa na mtu mwingine.

Kwa hiyo waulize wazee: mkiandika mistari miwili, ukuta umekuwa uwanja wa wazi au bado ni kauli ya shule? Kama ni uwanja wa wazi, yule Shahidi wa Yehova, Mhindu wa dukani na wale wa imani za jadi nao watakuja na fundi wao, na hamna hoja ya kuwakatalia. Kama ni kauli ya shule, basi shule imetangaza kwamba dini zinazotambulika getini ni mbili, na mtoto wa dini ya tatu atasimama akiangalia chini. Na kila rangi ikichakaa mtagombana upya nani herufi zake kubwa.

---

MamaNeema_Mwanga (Kigoma)

Wakili, Ustadh, kaka wa Louisville, na wewe wa Urambo pia, asanteni. Hoja yako ya ndoo za rangi ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko zote, kwa sababu ni kweli ukuta hautajipaka.

Jioni nilimfuata mfadhili dukani kwake. Nilimkuta anapima misumari. Nikamwambia naupenda mstari wake na nikamtamkia wote, akashangaa. Kisha nikamweleza ile kesi ya Kentucky, kwamba hata huko michango ilikuwa ya watu binafsi na mahakama ikaona ni shule inayosema. Akaniuliza kama kuna aliyemlalamikia. Nikamwambia hakuna aliyelalamika, ila yupo aliyenyamaza, na yeye anamfahamu kwa kuwa ni mteja wake. Hapo aliacha misumari. Hakunipa jibu la ndiyo. Alisema atakuja kikaoni mwenyewe, na kwamba fundi asiendelee mpaka siku hiyo.

Pendekezo langu kikaoni: ramani ichorwe upya yote, na mkoa wetu uonekane safari hii, jina la shule juu ya geti, na jina la familia yake kama mfadhili wa ukuta. Mstari auweke kwenye ukuta wa duka lake, pale njia ya sokoni, ambako hata mimi nitausoma kila siku na hakuna wa kumuuliza.

Wakili, swali la mwisho. Mwenyekiti wetu ni mtu wa karatasi. Nikimpelekea hukumu moja tu ya Wamarekani pamoja na katiba yetu, nimpelekee ipi?

---

Wakili_Isevya (Tabora)

Mpelekee ile ya Kentucky ya mwaka 1980, inaitwa Stone dhidi ya Graham. Ni fupi, ataimaliza kwa kikao kimoja cha chai. Mwekee alama mahali wanapozungumzia michango ya hiari. Ibara ya 3 na ya 19 za Katiba yetu ziweke juu yake, zisomwe kwanza, maana kikao chenu kinafungwa na hizo, ile nyingine ni ya kujifunzia. Na huyo mama aliyefunga daftari mpe taarifa ya kikao mapema, kwa mdomo, wewe mwenyewe.